Msimu Uliofungwa Karakaya

Mwaka ule serikali ilipoufunga msitu wa Karakaya, kijiji kizima cha Chamovo kilinuna. Aliyefurahi ni Manol Deliev peke yake.

Tangu enzi za mababu, theluji ikianza kuyeyuka, wanaume wa Chamovo walikuwa wakipanda Karakaya kuwinda kwale wakubwa weusi wanaokaa kwenye misunobari. Watu wa milima ya Rodope humwita ndege huyu kiziwi, na jina halikumwangukia bure. Jogoo wake huimba alfajiri kuwaita majike. Huanza kwa kugongagonga, kama mtu anayepiga kijiti kwa kijiti, kisha hutoa mlio wa kizibo kikichomoka kwenye chupa, halafu humaliza kwa sauti ya kusaga, kama fyekeo likinolewa juu ya jiwe. Akifika kwenye kusaga, hasikii kitu, hata umwite jina. Mwindaji humnyemelea hapo tu: hatua mbili tatu, kisha anasimama kama gogo mpaka wimbo uanze upya.

Manol alifundishwa hayo na baba yake, naye akawa mwindaji asiye na mpinzani. Lakini alijua na jambo ambalo hakuna aliyelisema kilabuni. Viwanja wanakokusanyika majogoo kuimba, vilivyokuwa vikirindima alipokuwa mdogo, sasa vilibaki na jogoo mmoja mmoja, na vingine vilikufa kabisa. Kwa hiyo misunobari ya mpakani ilipopakwa alama nyekundu na tangazo likatoka kwamba ni marufuku kwa mtu yeyote kuwinda jogoo majira ya kuchipua, au kuingia na bunduki ndani ya alama, Manol alikwenda mwenyewe kwa Ndugu Gergov, mkurugenzi wa mawindo ya serikali, kuomba kazi ya ulinzi.

"Si wewe ndiye mwindaji mkubwa huko kwenu?" Gergov alimuuliza.

"Ndiyo maana nimekuja, Ndugu Mkurugenzi. Njia zote wanazopita wawindaji nimezipasua mimi."

Gergov akacheka, akampa kofia yenye beji ya jani la mwaloni.

Kilabuni wakambatiza jina siku ile ile. "Karibu Bwana Ndege! Wake zako huko juu hawajambo?" Na aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni Stoil, mume wa dada yake Rada. Watu hawa wawili walikuwa wamekua pamoja. Manol ndiye aliyemwonyesha Stoil viwanja vyote vya Karakaya, kimoja baada ya kingine, kabla hata hajawa shemeji.

"Shemeji," Stoil alisema siku moja, glasi ya rakia, pombe kali ya matunda, mkononi, "ukinikamata, utanifunga kamba au pingu?"

"Sheria ni msumeno, Stoil. Usiupelekee shingo."

Kilabu kizima kikaangua kicheko. Manol hakucheka.

Rada na Stoil walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto, mpaka watu wakaacha kuuliza. Kisha, majira ya kuchipua ya pili tangu msitu ufungwe, Rada akajifungua mtoto wa kiume. Katika ukoo wa Stoil, baba anayepata mwana wa kwanza huleta jogoo kiziwi. Nyama huliwa na jamaa, na mkia hutandazwa kama upepeo na kutundikwa juu ya susu la mtoto. Manol alilijua hilo, na halikumpa usingizi. Akapanda darini, akashusha mkia alioachiwa na marehemu baba yake, akaufuta vumbi, akaupeleka.

"Tundika huu," alimwambia Stoil. "Mzuri kuliko huu hutaupata."

Stoil aliutazama bila kuugusa. "Mkia wa babu mzaa mama? Kwani mtoto wangu hana baba?"

"Jamani, Stoil," Rada alisema kutoka kitandani. "Mkia ni mkia."

"Wewe nyonyesha."

Siku chache baadaye, mapambazuko, Manol alisikia mlio wa bunduki upande wa juu wa Karakaya. Alikimbia akizama kwenye theluji hadi magotini, moyoni akiomba aliyepiga awe mtu wa kijiji kingine. Hakuwa. Stoil alikuwa ameketi juu ya kisiki, na jogoo amelala miguuni pake, mabawa yamefunguka, damu ikitoboa theluji matundu madogo.

"Haya, umeniona," Stoil alisema. "Sasa shuka zako. Hukuniona."

"Kiwanja hiki kilikuwa na majogoo watatu, Stoil. Watatu tu."

"Na mimi nina mwana mmoja tu. Tutoe yupi?"

"Nipe bunduki."

Stoil akampa, anatabasamu. Waliteremka mlima pamoja, Stoil amebeba ndege begani, anapiga mluzi. Aliamini ni utani mpaka walipofika kwenye kichochoro cha nyumba ya Rada, na mkono wa Manol ukamshika bega na kumpitisha. Kwenye kituo cha polisi mluzi ulikuwa umekwisha kitambo.

Manol alitarajia onyo, na bunduki kutaifishwa. Lakini Gergov alitaka mfano wa kuwatisha watu wa milima yote, na mahakama ikampa alichotaka. Stoil alihukumiwa kifungo na kupelekwa kuvunja mawe kwenye machimbo ya huko bondeni.

Rada alimjia kaka yake na mtoto kifuani. Hakuvuka kizingiti.

"Ulimpitisha mlangoni kwangu, kaka. Taa ilikuwa inawaka. Ungeniita tu."

"Ningekuita ningeshindwa, Rada. Sheria..."

"Usinitajie sheria. Sheria itanipasulia kuni? Itambeba mtoto nikiugua?" Akamfunika mtoto uso kwa shali yake ya sufu. "Huyu hana mjomba. Mjomba wake amekwenda msituni kuoa ndege."

Majira yote ya baridi Manol alipeleka kuni zilizopasuliwa hadi kwenye lango la dada yake, na Rada akaziacha pale pale zifukiwe na theluji. Majirani waliziona. Walimwona na yeye, akirudi na mkokoteni mtupu, na hakuna aliyemwamkia. Alijifariji kwa Karakaya. Majira ya kuchipua yalipoingia, majogoo wachanga walitokeza kwenye viwanja, sauti zao bado hazijakomaa, wanakosea mpangilio wa wimbo kama wanakwaya wapya. Kiwanja kimoja kilichokuwa kimekufa kikafufuka. Manol alisimama gizani chini ya misunobari akiwasikiliza, akajiambia kwamba basi, angalau hakuiuza damu yake bure.

Hapo ndipo simu ilipopigwa ofisi ya kijiji. Alikuwa Gergov mwenyewe.

"Tuna mgeni kutoka Sofia. Mgeni mzito. Anataka jogoo. Utamwongoza."

Manol alidhani hakusikia vizuri. "Msimu umefungwa, Ndugu Mkurugenzi. Tangazo linasema mtu yeyote."

"Tangazo ni la raia, Manol. Huyu ndiye anayeyatoa matangazo."

"Shemeji yangu yuko machimboni kwa jogoo mmoja."

"Na ndiyo sababu leo wapo wa kumwonyesha mgeni," Gergov alisema. "Umefanya kazi nzuri. Usiiharibu."

Mgeni alikuja na koti la ukosi wa manyoya, ananukia manukato, nyuma yake Gergov na mtu wa kumbebea bunduki. Manol aliwaongoza alfajiri. Walipokaribia, jogoo wa kwanza alikuwa ameshaanza: vijiti, kizibo, fyekeo. Kwenye kusaga wakapiga hatua mbili, wakasimama. Tena hatua mbili. Sasa alionekana juu ya tawi, mkia ameutandaza, shingo ameinyoosha juu kama anayekunywa mbingu. Mgeni akapokea bunduki. Wimbo ukakatika, kimya kikatanda, ule wakati ambao kiziwi husikia hata theluji ikidondoka. Manol akakohoa.

Jogoo aliondoka kwa kishindo cha mabawa. Kwenye kiwanja cha pili, kilichovunjika ni kijiti chini ya buti la Manol, na ndege naye akaenda zake.

"Kwa viziwi, ndege wenu wana masikio makali," mgeni alisema.

Gergov aliyameza hayo mpaka mgeni alipopanda gari. Kisha akamgeukia Manol. "Una kifua?"

"Baridi, Ndugu Mkurugenzi."

"Basi nenda ukakipashe moto nyumbani. Kifua kama hicho hakifai msituni." Akanyoosha mkono, akamvua kofia kichwani kwa utaratibu, kama anayemvulia mtoto.

Wiki iliyofuata mgeni alirudi. Chamovo nzima iliamshwa na milio ya bunduki kutoka juu, mlio baada ya mlio, na wanawake waliokuwa wakikamua mbuzi wakasimama uani kusikiliza. Majogoo wanne waliangushwa asubuhi ile, na jike mmoja ambaye mgeni alimdhania jogoo. Magari yaliposhuka, aliyekaa mbele kabisa karibu na dereva alikuwa Stoil. Walimtoa machimboni kwa simu moja. Kofia ya Manol ilikuwa kichwani pake, imemzidi kidogo.

Manol alimngoja chemchemini, mahali ambapo angepita kwenda nyumbani.

"Ulimwonyesha vyote?"

"Kila kimoja," Stoil alijibu. "Kama ulivyonionyesha wewe." Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa na ukingo mwekundu. "Kwa mmoja ulinifunga, shemeji. Kwa wanne wamenivisha kofia. Sasa niambie, nilikosea wapi?"

"Ungekohoa tu. Mara moja."

"Wewe ulikohoa, ukarudi kulala kitandani kwako. Mimi nikikohoa narudi kwenye mawe." Akataka kuendelea, lakini kikohozi cha kweli kikamkamata, kikavu, cha vumbi, kikamkunja mpaka akashika ukingo wa chemchemi. Kilipomwachia alijifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Unajua leo nilikizuiaje? Nilijaza kitambaa mdomoni. Macho yalinitoka. Mgeni akasema, mlinzi huyu ni mtulivu sana."

Stoil akakinga maji kwa viganja, akanywa, akaenda zake kwa mkewe.

Kuanzia hapo wageni walikuja kila mwaka, mmoja akimleta mwenzake. Alama nyekundu zilipakwa upya, tangazo likabandikwa tena, na mzee mmoja aliyevuka mpaka kuokota uyoga alilala rumande. Manol alipata kazi kwenye bohari ya viazi ya ushirika, kuchambua vilivyooza. Vijana wa pale, waliokuwa hawajui habari za nyuma, walimwita tu Baba Manol. Haikuwa kazi mbaya.

Mtoto wa Rada alipokuwa amekwisha kuanza shule, Manol alishindwa kujizuia. Alfajiri moja ya majira ya kuchipua alivuka alama nyekundu, mikono mitupu, akasimama kwenye kile kiwanja kilichofufuka, akasikiliza mpaka jua likatoka.

Jioni yake mlango uligongwa. Alikuwa Rada. Miaka yote ile hakuwa amekanyaga pale. Mvi zilikuwa zimemwingia kwenye nywele za panja.

"Nimetumwa," alisema kabla hajaamkiwa. "Stoil aliziona nyayo zako. Anasema ukivuka tena itabidi akupeleke kituoni. Wamemwekea msaidizi anayemchunguza. Hana la kufanya."

"Sikuwa na bunduki."

"Anajua. Ulikwenda kufanya nini?"

"Kusikiliza."

"Ukasikia nini?"

"Hakuna."

"Hata yeye anasema hakuna. Mwaka huu hajasikia hata mmoja. Wageni wanakuja wiki ijayo, Gergov amechanganyikiwa. Wataleta ndege wa kufugwa kwa lori, wafunguliwe asubuhi kwenye makreti, wapigwe."

Manol alicheka, kicheko kikavu kilichomwumiza mwenyewe. "Na hifadhi?"

"Redioni wamesema wanaiongeza. Itafika mpaka kwenye malisho yetu."

Alimvutia kiti, akasema kuna kahawa jikoni. Rada alikitazama kiti kama kitu cha kufikiria, kisha akatikisa kichwa. Alikuwa ameshafika uani Manol alipomwita.

"Rada. Mtoto anajua ana mjomba?"

Dada yake hakugeuka. "Anajua kuna mtu wa bohari ya viazi," alisema, akafunga lango taratibu ili lisigonge.