Mti wa Simon na Regine

Kanisa letu liko juu ya kilima, na matao yake yaliyochongoka yanaonekana toka barabara kuu. Mchungaji Roth huja kutoka mjini mara moja kwa mwezi. Jumapili hiyo tulipanda waumini watatu tu, nikiwamo mimi mpiga kinanda. Regine Thellmann alikuwa anahamia Ujerumani kwa mwanawe, na harudi. Alitaka kushiriki Meza ya Bwana mara ya mwisho pale alipobatizwa.

Kikwazo kilikuwa jirani yake, Simon Gunesch. Kwa miaka mingi hawakusemezana kwa sababu ya mtufaha uliokuwa mpakani, ambao Simon aliukata. Kwetu Wasaksoni wa Transilvania, watu wa asili ya Kijerumani huku Romania, majirani waliogombana hawagusi kikombe mpaka wapeane mikono, na mdogo kwa umri ndiye anayemwendea mkubwa. Wakishashikana, ugomvi hautajwi tena.

"Mungu ameshasamehe," mchungaji alisema. "Njoo tu, mama."

"Mungu hakukatiwa mti," Regine akajibu. "Simon aje kwanza."

Simon hakuinuka upande wa wanaume. "Nije mimi? Kwani mdogo nani?"

"Si wewe hapo!"

"Loo! Mwanamke anajiongezea umri! Mchungaji, huo muujiza usiuache hivihivi."

Mchungaji alinitazama mimi. Tunakaa kwa umri kanisani, lakini wanaume kwao na wanawake kwao, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwapima hawa wawili pamoja. Walizaliwa mwaka mmoja. Kumbe muda wote huo kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake, akiamini anafuata utaratibu.

"Mimi nilizaliwa watu wakivuna zabibu," Simon alisema.

"Na mimi wakikata majani ya ng'ombe, mkato wa kwanza. Haya, mkulima, kipi kinatangulia?"

Simon alikuwa amelima maisha yake yote, na kwetu majani hukatwa mwanzoni mwa kiangazi, miezi kadhaa kabla ya zabibu. Aliinuka, akavuka katikati ya kanisa chini ya mbavu za mawe za dari, akasimama mbele ya Regine.

"Ule mti ulikuwa umeoza," akasema, na papo hapo akamshika mkono.

Regine alifungua kinywa. Ule mti haukuwa umeoza. Nilikula matunda yake msimu wa mwisho, na Simon alikula pia. Lakini mikono ilikuwa imeshashikana. Akijibu, ugomvi umefufuka, naye atashuka kilima bila kikombe.

"Umesema kitu, mama?" mchungaji akauliza.

Regine alimtazama Simon, bila kuuachia mkono wake.

"Nimesema nina kiu."

Mchungaji akamimina divai. Regine akanywa kwanza. Simon akanywa baada yake, kama inavyompasa mdogo.