Ubao wa Waliotoka

Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya mtaa wetu wa Mzamo, nje kidogo ya mji wa East London, huku kusini mwa Afrika, mimi ndiye mfagiaji, mpika chai na mjuzi wa mambo yasiyonihusu. Kazi yangu ya mwisho kila siku, saa kumi, ni kufuta ubao mweupe wa ukutani. Anayekwenda kutembelea nyumba za watu huandika pale jina lake, namba ya nyumba, saa aliyotoka na aliyemtuma. Akirudi anatia alama ya vema. Sheria nzuri sana. Ila haikusema nani wa kuusoma.

Zimasa alikuwa mwanafunzi wa chuo, kaja kwa mafunzo ya vitendo. Chuo kilimtaka amalize saa mia tatu, zote zitiwe saini na mkuu wetu, Bwana Gqirana. Alikuwa amebakiza kumi na mbili. Zisipotimia, anarudia mwaka, na mama yake hakuwa na mwaka mwingine wa kumlipia.

Alhamisi ile Gqirana akamwambia, "Nenda nyumba 2214, kwa Mncedi."

"Peke yangu? Si yule tuliyemchukulia watoto wiki iliyopita?"

"Gari nalichukua mimi. Naenda semina."

"Semina ya nini, bwana?" nikadakia, nikiokota vikombe.

"Usalama kazini, mama."

Nilicheka hadi kijiko kikaanguka. Zimasa hakucheka. Aliandika ubaoni, akajivika kitambulisho cha ofisi shingoni.

"Hicho kisukume ndani ya sidiria," nikamwambia. "Huko wakikiona wanaona mwizi wa watoto."

"Chuo kinataka kionekane, bibi."

"Basi chuo kiende chenyewe!"

Akatabasamu kidogo, akaenda. Ilikuwa saa sita.

Saa kumi nilikuwa na haraka. Alhamisi ni siku ya kina mama wa kanisa, na nilishavaa sare yetu, blauzi nyekundu na kofia nyeupe. Nikapitisha kitambaa ubaoni, shwaa, huku najitazama kwenye kioo cha dirisha. Mkebe wa chakula wa Zimasa niliuona kitini. Nikasema, wasichana wa siku hizi, hata kula wanasahau.

Kanisani, kabla ya sala, MaTolo anayekaa jirani na Mncedi akaninong'oneza, "Kwa Mncedi kuna msichana analia tangu mchana. Nadhani kapata mke mpya."

Nikainuka pale pale. Ubaoni hapakuwa na alama ya vema. Niliona, na bado nikafuta.

Tuliwapigia polisi. Wakasema hawana gari. Basi tukaondoka wenyewe, wanawake kumi na tisa wenye blauzi nyekundu, tukiimba njia nzima, mimi nikikosea maneno. Mncedi akafungua mlango, nyundo mkononi. Huyu ni mtu wa kupiga, lakini mama yake alikuwa mwenzetu, na tulimzika akiwa na sare hii hii. Alitutazama, akaiweka nyundo chini, akakaa kizingitini kama mtoto aliyefukuzwa.

Zimasa tulimkuta nyuma ya kabati. Mkono ulining'inia. Shingoni, pale palipopita kamba ya kitambulisho, palikuwa na mstari mweusi pande zote.

Jumatatu wakaja watu wa chuo. Gqirana akakunja mikono. "Mimi sikumtuma. Alikwenda kwa kiherehere chake. Nani ana maandishi?"

Wote wakautazama ubao. Ulikuwa unang'aa. Naujua mkono wangu.

"Alimtuma, nilisikia," nikasema.

"Mama, lete chai," akasema Gqirana.

Chuo kikamwandikia Zimasa kwamba saa zake hazikutimia. Alikuja mara moja tu, mkono umefungwa plasta ngumu ya mfupa, kuchukua mkebe. Nilikuwa nimeuosha.

"Bibi, ni wewe uliyefuta?"

"Ni mimi, mwanangu."

Alikaa kidogo, kama anayesubiri niongeze neno la kuchekesha. Nikampa mkebe. Akaenda. Nasikia yuko kwa mama yake kijijini, na mlango anaufunga hata mchana.

Nilisoma hadi darasa la tano, jina na namba naweza. Nikanunua rangi ya mafuta, ile ya milango, nikaandika ubaoni: ZIMASA. 2214. SAA SITA. KATUMWA NA GQIRANA. Pa alama ya vema nikapaacha wazi.

"Mama, futa uchafu huo!" Gqirana hunifokea.

Nafuta, bwana. Kila siku saa kumi nafuta, mbele ya macho yake, kwa maji na sabuni. Hautoki.