Kadi ya Viatu Katika Toleo la Arobaini

Watu wengine hukusanya stempu, wengine hukusanya maadui. Mimi nakusanya majarida ya zamani ya katuni, tena si kwa sababu ya katuni zenyewe. Nayataka kwa ajili ya vile vikaratasi vya matangazo vilivyopachikwa ndani, ambavyo msomaji wa kawaida alivitupa kabla hajafika ukurasa wa pili. Ninavyo mia tatu na kumi na viwili, vyote vikiwa bado ndani ya majarida yake, chini ya kitanda. Mke wangu ameapa kwamba kikiongezeka kimoja, sisi tutahamia darini na vyenyewe vitalala kitandani.

Ninalo tangazo la sabuni lililochovywa kwenye manukato. Siku nilipolileta nyumbani, panya wetu walinukia kama maharusi wiki nzima, hata paka akaona aibu kuwala. Ninalo la duka la mbegu, lililobandikwa mbegu sita za nyanya. Nilibandua moja nikaipanda. Nyanya iliyotoka tuliiviringisha watu wawili mpaka jikoni.

"Ilikuwa kama ngumi yangu," mke wangu husema kila nikifika hapo.

"Mama watoto, siku zile ulikuwa na ngumi kubwa."

Lakini fahari yangu ni moja: toleo la arobaini, la mwisho, la jarida la Mama Mwavuli. Huyo Mama Mwavuli alikuwa mwanamke mnene aliyeruka juu ya mapaa kwa mwavuli wake, akimwinda Mwizi wa Mvua. Katikati ya toleo hilo kuna kadi ngumu ya duka la viatu, imechorwa unyayo na namba. Unaiweka sakafuni, unakanyaga, unajua kipimo chako. Wanunuzi wote waliichomoa ili wapime miguu. Ninavyojua mimi, kadi iliyobaki imeng'ang'ania ndani ya jarida lake ni yangu peke yake. Jarida hilo halikupita dukani. Nililichukua mezani, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizibandika. Miaka thelathini na moja nilifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, chumba cha chini, meza ya gundi.

Jumatano moja asubuhi alibisha hodi mwanamke wa makamo, amebeba mkoba wa daftari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama unauza kitu, mke wangu hayupo. Kama unanunua, pia hayupo."

Akacheka. "Nimeambiwa una toleo la arobaini la Mama Mwavuli, na kadi yake ndani."

"Ninalo? Mama, hata aliyelichapa hana. Alikuja tajiri mmoja kulitaka kwa gari mbili, moja ya kumbeba yeye na nyingine ya kubeba machozi yake nilipomkatalia."

"Mimi ni binti wa Wino," akasema.

Nikainuka nikaanza kutafuta miwani, nayo ilikuwa puani.

Wino ndilo jina tulilompa mchoraji wa Mama Mwavuli. Yeye alichora ghorofani kwenye mwanga, sisi watu wa gundi tulikuwa chini. Alishuka kwetu mara moja tu, kuomba kiberiti.

Binti akaeleza, kwa mpango mzuri, maana ni mwalimu wa hesabu. Mchapaji mmoja amekubali kutoa matoleo yote arobaini kama kitabu kimoja. Kurasa zote zimepatikana isipokuwa ya mwisho. Hadithi ilizidi kwa ukurasa mmoja siku ile, na nafasi ilikuwa imekwisha. Mhariri akaamua mwisho wa hadithi uchapwe nyuma ya kadi ya viatu.

"Baba amesema kitabu kisicho na mwisho kisichapwe. Na mchapaji anataka kila kitu Jumatatu, la sivyo anaendelea na kazi nyingine."

"Si achore upya? Mwisho ni wake."

"Ndiyo shida, mzee. Jumapili alinisimulia mwisho mmoja. Jana akanisimulia mwingine. Leo asubuhi wa tatu, na huo una simba. Halafu mkono wake unatetemeka. Akishika kalamu anaiweka chini." Akafungua mkoba. "Kadi nimezipata nne kwa watu. Angalia."

Zote nne zilikuwa vilevile. Visanduku vitano vya picha vizima, na cha sita, kile cha mwisho kabisa pembeni chini kulia, kimechunika. Weupe mtupu.

"Sijui kwa nini zote ziharibike mahali pamoja," akasema yule mwalimu wa hesabu.

Mimi nilijua kwa nini.

Amri kwenye meza yetu ilikuwa kwamba tangazo litazame juu. Mwenye kulipia tangazo alikuwa na desturi ya kuja mwenyewe kufunua majarida mawili matatu, na akikuta bidhaa yake imelala kifudifudi, meza nzima inarudia kazi. Kwa hiyo tulizoea kutotazama nyuma. Unachovya brashi, unatia doa moja la gundi chini ya pembe ya kushoto, unabandika, unasukuma. Mimi nilikuwa hodari, nilimaliza elfu mbili kabla ya chakula cha mchana. Na kila doa nililitia juu ya kisanduku cha mwisho cha Wino. Aliyechomoa kadi alikiacha kile kisanduku vipandevipande ndani ya jarida.

Wasomaji waliandika barua za matusi. Wino akaamini kwamba mhariri hakuupenda mwisho wake akauharibu makusudi. Akaweka kalamu chini, akaenda kuandika mabango ya maduka mpaka alipozeeka. Habari za kuacha kwake kuchora zilitufikia kule chini mwezi uliofuata. Nilitazama ndoo yangu ya gundi, nikafunga mdomo. Hilo ndilo jambo pekee maishani mwangu ambalo sijawahi kulitia chumvi, kwa sababu sikuwahi kulisema.

"Jumamosi nitalileta kwenu," nikamwambia binti.

Mke wangu aliporudi sokoni alinikuta nimekaa na jarida mapajani. Nilimweleza yote. Akanishika paji la uso.

"Umesimulia kitu kizima bila simba wala tajiri. Unaumwa?"

"Nikiibandua, thamani yake imekwisha. Inakuwa kama zile nne. Na ikichanika, hata yeye hapati kitu."

"Na usipoibandua?"

Akaenda kutafuta mfuko safi wa kulibebea.

Chumba cha Wino kilikuwa na dirisha moja kubwa, meza iliyoinama mbele, na makopo ya brashi zilizokauka. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama rula, blanketi magotini.

"Karibu," akasema. "Ndiye wewe mkusanya takataka?"

"Takataka bora, ndugu yangu. Sasa, kabla hatujafungua, nikuambie jambo. Siku ile kazini ilivuma tufani, mapipa yakaruka, mimi nikashikilia meza kwa meno..."

"Binti yangu aliniambia kwamba unasema uongo vizuri," akanikatiza. "Hajakosea. Sema kingine."

Basi nikasema ukweli. Ulikuwa mfupi mno, uliisha kwa pumzi moja: mimi ndiye niliyetia gundi, sikugeuza kadi kutazama, nilijua baadaye, nikanyamaza.

Mkono wake wa kulia ulikuwa ukicheza juu ya blanketi, akaushika kwa wa kushoto.

"Mhariri alikufa nikiwa nimemnunia," akasema hatimaye. "Mazishini nilikaa nyuma kabisa, nikaondoka kabla ya wengine. Mkewe aliniona." Akanitazama tena. "Kumbe ni wewe. Uliyenipa kiberiti."

"Ni mimi. Na njiti zilikuwa mbovu."

"Zilikuwa mbovu kweli!" Na kicheko kikamtoka, kikavu, kama ambaye hakutaka kucheka. "Mjinga wewe. Mwendawazimu wa gundi. Miaka arobaini! Fungua basi."

Binti alikuwa tayari ameshika kisu chembamba.

"Weka kisu chini, mwanangu. Hii ni kazi yangu. Lete birika linalochemka na kitambaa."

Gundi yetu tuliipika wenyewe kwa unga wa ngano, nao ukipata mvuke hulegea hata baada ya miaka mingi. Nikaishika pembe ya kadi juu ya mdomo wa birika, nikahesabu, nikaiondoa, nikaijaribu kwa ukucha. Bado. Nikairudisha. Nilichosahau ni kwamba mende walikuwa wakila gundi ile, na sisi tulikuwa tukiitia pilipili ya unga, konzi kwa kila ndoo.

Wino akapiga chafya ya kwanza. Binti akafuata. Mimi nikaziba pua kwa bega, kadi mkononi, machozi yakinibubujika, nikisema ndani kwa ndani kwamba nikipiga chafya sasa hivi nimemuua huyu mzee mara mbili.

"Usi... usipige... chafya!" Wino akanifokea, naye akapiga tatu mfululizo.

"Nyamaza, ndugu yangu, unanichekesha!"

Nikavuta ukucha polepole. Kadi ikaachia. Haikulia hata kidogo. Nikaigeuza juu ya kitambaa na sote watatu tukainama, tukifuta pua.

Mvua ilikuwa imerudi. Kwenye kisanduku cha sita ilikuwa inamwagika juu ya mapaa yote, na Mama Mwavuli amesimama katikati ya barabara, mwavuli ameufunga, ameuegemeza begani kama jembe. Amelowa chapachapa. Hakukuwa na simba.

"Ndiyo," Wino akasema kwa sauti ndogo. "Aliufunga. Bila shaka aliufunga. Mwavuli wa nini tena?"

Lakini palikuwa na doa. Pale doa la gundi lilipokuwa nene zaidi, wino ulibaki upande wa jarida, na mahali pa uso wa Mama Mwavuli palikuwa na weupe wa ukubwa wa punje ya mahindi.

"Nisamehe," nikasema.

"Baba, mchapaji anaweza kuujaza kwa mashine," binti akasema. "Tukachukua uso wake kutoka toleo lingine."

"Katika matoleo yote amekasirika," Wino akajibu. "Alikuwa akimfukuza mwizi. Huu sikuuchora mahali pengine popote." Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu. Ile nyembamba."

"Mkono, baba."

"Nauona mkono. Nipe."

Nilipiga magoti kando ya meza nikashika kadi kwa vidole vinne isicheze. Alichovya, akakung'uta, akavuta pumzi. Ncha ilitetemeka ikikaribia, ikatetemeka ilipogusa, na kila mstari uliotoka ulikuwa na mawimbi. Nyusi zikatoka na mawimbi, mashavu pia, na mdomo uliofunguka. Binti alikuwa ameuma kidole.

Wino akainua kalamu, akaegemea nyuma, akatazama kwa jicho moja. Ule uso ulikuwa umelowa. Maji yalikuwa yanautiririka kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, na ndani ya maji hayo mama yule alikuwa anacheka.

"Mkono wa zamani usingeweza hivi," akasema. "Ulinyooka mno." Kisha akamgeukia binti yake, wino ukimdondoka kwenye blanketi. "Jumatatu saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Basi nipigie pasi shati langu. Kadi hii naipeleka mwenyewe."