Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Mume wangu Osewe ana ugonjwa mmoja: kitu kikifanya kazi vizuri, yeye hapati usingizi. Redio yetu aliifungua, akairudisha na sauti ya mtu mwenye mafua. Pasi aliitengeneza ikaniunguzia nguo ya kanisa. Kwa hivyo ofisi yao ilipouza kompyuta kuukuu na yeye akarudi nyumbani Kawangware na moja begani, nilimwambia papo hapo mlangoni, "Hii ukiichokora, mimi na wewe tutaonana."

Hakuichokora. Mpaka ilipokuja CD ya Lazarus.

Lazarus ni kaka yangu, kifungua mimba wa Mama. Alienda Amerika mwaka wa tisini na mbili na hajarudi. Baba alipokufa mwaka jana tulimweka mochari tukimngoja Lazarus, tukangoja mpaka wazee wakasema basi inatosha. Baba akazikwa. Mama hakulia siku ile, alikuwa anaangalia barabara. Tangu hapo nikimtembelea nyumbani anauliza kitu kimoja tu: "Lazarus amesema nini juu ya baba yake?" Na mimi sina jibu, kwa sababu Lazarus hakuwa amesema chochote.

Halafu mtu mmoja aliyetoka huko akaniletea CD. Akasema, "Ni ya mamako. Ameongea mwenyewe, mtamuona."

Mama alipanda basi wiki hiyo hiyo. Alifikia Kibera, kwa mdogo wake Nereah anayekodi chumba mtaa wa Lindi humo humo, maana kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, hata mvua inyeshe namna gani. Kule Lindi stima inakuja ikitaka. Tukakubaliana aje kwangu Jumapili baada ya kanisa, amuone mtoto wake, halafu jioni apande basi arudi. Alikuwa ameacha ng'ombe na majirani.

Tulipoijaribu CD, ilikuwa aibu. Picha inaruka, inasimama, inaruka tena, na sauti inakatika vipande huwezi kushika neno.

"Mashine ni ya polepole," Osewe akasema. "Inataka kuongezwa mwendo."

"Osewe."

"Kuna programu. Mulei amenipa kwa disketi."

"Mulei ni dereva wa ofisi yenu!"

"Sasa dereva ndiye hajui mambo ya spidi?"

Nilicheka bila kupenda, na hapo ndipo aliponishinda. Alifungua kasha la kompyuta, akamulika ndani na tochi akitafuta jina la kidude fulani, kwa sababu ile programu inataka uiambie ni kidude gani kinachopiga mwendo wa mashine. Alichagua jina la kwanza, kioo kikaganda. Akazima, akawasha, akachagua lingine. Likakubali. Kukatokea alama ndogo ya kusukuma, ukiipeleka kulia mwendo unapanda. Anasukuma kidogo, anabonyeza, anashika pumzi. Anasukuma tena. Mimi nimesimama nyuma yake na mwiko mkononi, ugali unashika chini. Alipozidisha ikaganda tena, akarudisha nyuma kidogo, na hapo ikatulia. Akaipanga iwe hivyo kila ikiwashwa.

Tukaweka CD. Wee! Lazarus akatokea jikoni kwake, amenenepa, anatembea vizuri, hakuna kuruka. Alipofungua tu mdomo nikamwambia Osewe azime. Maneno ni ya Mama. Hatuwezi kuyasikia kabla yake.

"Sawa," Osewe akasema. "Lakini sasa inashika moto, haikuzoea mwendo huu. Isifunikwe. Inataka hewa."

Nikamwambia nimesikia. Nilisikia vile mtu anasikia tangazo la redio akipika.

Jumapili Osewe alienda dukani kuleta soda. Mimi nikabaki napanga nyumba. Ni lazima mjue kwamba vitambaa vyote vya nyumba hii vilifumwa na Mama. Nilipoolewa aliniletea katoni nzima: vya makochi, vya stuli, vya redio, hata cha jagi la maji. Kila kitu kwangu kimevaa. Nikaangalia, nikaona kompyuta peke yake iko uchi, na ndiyo Mama anakuja kuiangalia. Angefikiria nini? Nikatoa kile kikubwa, kizito, chenye pindo la maua, ambacho nilikuwa nimekihifadhi bila kukitumia. Nikakikunja mara mbili, nikafunika kasha lote, mbele na nyuma, nikaacha kioo tu. Likapendeza kweli.

Mama aliingia na Nereah, wakakaribishwa, wakaketi. Macho yake yakaenda moja kwa moja pale.

"Kumbe hiki ulikiweka," akasema. Akanyoosha mkono akalisawazisha pindo. "Hiki nilikifuma macho yakiwa bado mazuri."

Hapo Osewe akafika na soda. Alisimama mlangoni akaangalia kompyuta, akaangalia mkono wa Mama juu ya kitambaa, na rangi ikamtoka.

"Mmeifunika vizuri, sivyo?" Mama akamwambia.

"Imependeza sana, Mama," Osewe akajibu, macho chini.

Angefanya nini? Mkwe wa kiume hata kumkaribia mama mkwe anafikiria mara mbili. Sasa anyanyue kazi ya mikono yake mbele ya macho yake, aitupe kando? Alinikonyeza. Nikadhani anataka nitoe glasi. Akasema, "Seline, kuja nje kidogo." Nikamwambia wageni wameketi, kwani haoni?

CD ilikuwa bado ndani; nikapitisha kidole chini ya pindo, nikawasha mwenyewe.

Lazarus akatokea. Mama akashika kifua. Lazarus akasema, "Mama, habari yako?" na Mama akamjibu kwa sauti, "Mzuri, baba. Umenona." Lazarus akatuma salamu kwa Nereah, Nereah naye akaitikia. Akauliza ng'ombe, akauliza mvua, na kila swali Mama analijibu, kisha anamwachia nafasi aendelee. Osewe amebana ukutani, jasho linamtiririka. Mimi moyoni namuonea fahari mama yangu.

Kisha Lazarus akasema, "Mama, kuna jambo nataka kukuambia."

Akainamisha kichwa. Na picha ikaganda.

Mama alikuwa hajui kompyuta inaganda. Yeye aliona mtoto wake ameinamisha uso, ametulia, maneno yamemshinda. Alingoja. Alingoja kwa heshima, mikono mapajani, vile mtu anamngojea mwenzake aliyefiwa.

"Anatafuta maneno," Mama akasema polepole.

Halafu akasogea mpaka karibu na kioo. "Lazarus, inua kichwa. Nimeelewa. Baba yako hakuondoka na kinyongo, na mimi nimekusamehe. Usikie? Nimekusamehe." Akapangusa uso na leso. Alikuwa analia, yule ambaye hakulia kaburini.

Kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, wapi. Ndipo shetani wangu akaamka. Nikamgeukia Osewe, "Si nilikuambia usiguse! Umemnyamazisha ndugu yangu mbele ya mama yangu! Wewe ni mwanaume gani, kila unachoshika kinakufa?"

Nereah akaangalia sakafu. Mama akajifunika uso kwa leso, si kwa kilio, kwa haya: bintiye anamtukana mume na mkwe huyo amesimama hapo. Osewe alisema tu, "Pole, Mama. Nisamehe."

"Seline, nyamaza," Mama akasema. "Mimi nimesikia nililokuja kusikia."

Mashine ilikataa kuwaka, na basi halingojei mtu. Nereah alinipigia Jumatatu kupitia simu ya duka la jirani. Alisema Mama aliimba njia yote mpaka stesheni, na kwamba alimweleza kila aliyeketi karibu naye jinsi mwanawe alivyoinamisha kichwa mbele yake. Nikashukuru Mungu.

Jioni hiyo Osewe alirudi kutoka kazini, akakinyanyua kitambaa, akakikunja vizuri kona kwa kona, akanikabidhi. Akawasha kompyuta. Mwendo ni ule ule, hakuupunguza. Ikawaka, ikaimba, CD ikaenda bila kukwama. Nilikuwa nimesimama na kitambaa mikononi, na uso wangu ukashika moto nikatamani sakafu ifunguke.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Kwamba kitambaa cha mama yako ndicho kimeharibu?"

"Lakini nilikutusi."

"Ulinitusi," akasema. Basi, hivyo tu. Afadhali angenipigia kelele.

Kwenye kioo Lazarus akafika pale pale. "Mama, kuna jambo nataka kukuambia." Akainamisha kichwa. Nikashika mkono wa Osewe. Lazarus alikuwa anatafuta kitu mfukoni. Akainua kichwa anacheka, na mkononi ana ufunguo.

"Nimenunua gari!"

Akatoka nje akaonyesha gari. Akaonyesha viti, akafungua buti, akapiga honi. Akasema mtu akija huko amletee kahawa ya kwetu. Niliendelea kungoja. Alisema juu ya theluji, juu ya mpira, juu ya mbwa wa jirani. Baba hakutajwa. Hata jina.

Nimewahi kuona haya maishani, lakini si kama ile. Haya ya kaka yangu, na haya yangu, na Mama huko nyumbani anasimulia kanisa zima.

"Mama atakuja Krismasi," Osewe akasema kwa sauti ya chini. "Atataka kusikia yaliyobaki. Tutamwambia nini?"

Lazarus alikuwa bado anaongea. Nikakifungua kile kitambaa, nikakikunja mara mbili, nikafunika nacho kasha, mbele na nyuma, nikasawazisha pindo. Osewe aliniangalia, na hakukitoa. Tukaketi kwenye kochi, tukangoja igande, safari hii isiamke tena.