Saa Tisa, Kwa Omer

Kwa miaka kumi na mmoja nilichapa programu, yaani ratiba ya siku, ya komiseri wa zone hapa Kolwezi, na anayedhani hiyo ni kazi ya kukaa kivulini tu hajawahi kukaa kwenye kiti changu. Wakati wa Zaïre komiseri ndiye aliyekuwa meya wetu. Alisalimu bendera, alikagua soko, alikaa na wafiwa, alipiga makofi watu walipoimba na kucheza nyimbo za chama. Jumamosi alishika jembe la salongo, ile kazi ya lazima ya raia wote. Wakubwa wengine walishika jembe dakika tano mbele ya mpiga picha na kurudi garini, lakini Komiseri Kisimba alilima mpaka shati likalowa. Kila siku ilikuwa na shughuli zake, na kila asubuhi nilizichapa kwenye karatasi, nakala sita.

Yeye mwenyewe hakuisoma karatasi hiyo hata siku moja. Tukimaliza mahali, akishapanda Land Rover, aliuliza neno moja tu: "Kisha?" Nami, nikiwa kiti cha nyuma, nilimsomea mstari unaofuata. Ningesema twende tukasalimie mbuzi, angekwenda kuwasalimia mbuzi. Nilijivunia ile "Kisha?" yake kuliko mshahara wangu, na nyumbani nilimchosha mke wangu kwa kumsimulia.

Haya ninayoeleza ni ya juma moja la mwaka 1975. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwa miaka mitatu sasa. Mimi niliyeitwa Henri nilikuwa Badibanga tu, raia Badibanga, isipokuwa chumbani, ambako mke wangu alikataa katakata kuambiwa na serikali namna ya kuniita. Komiseri naye alikuwa Kisimba. Jina lake jingine nililiona siku moja kwenye faili lake la zamani, nikalificha kichwani kama watu wa ofisi tunavyoficha vitu visivyotuhusu.

Jumatatu ya juma hilo, baada ya bendera, katekista wa parokia alileta karatasi ofisini. Wamisioni walikuwa na phonie, redio ya kuzungumza na misheni za mbali, na watu wa Sandoa walipotaka kutufikia walipitia huko. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Kwa Omer. Mama anaumwa sana. Anakuita. Njoo upesi."

Sikuwa peke yangu. Kwenye meza ya pili alikaa raia Nkulu, mtu wa protokoli aliyetumwa kutoka juu kuandaa sherehe ya Jumamosi. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kufungua bomba la maji la Musonoi, kwenye makazi ya wachimbaji kando ya mashimo ya shaba, na Nkulu alikuwa ameshapima hata mahali pa kusimamisha kila kiti. Alininyang'anya karatasi kabla sijaikunja.

"Omer? Omer njo nani?"

Ningesema sijui. Neno dogo hilo, "sijui", makarani tunalisema mara ishirini kwa siku kwa watu wasio na kosa. Lakini nilitaka kuonekana mjuzi, nikamwita tata, yaani baba, kwa heshima.

"Njo komiseri, tata. Ile jina ya zamani. Mama yake eko Sandoa."

Nkulu alisoma tena, polepole. "Sandoa ni siku ngapi na motokari?"

"Mbili, kama njia iko muzuri."

"Kwenda mbili, kurudia mbili, na kule atakaa na mama. Na siku ya posho nani atapokea bageni? We?" Siku ya posho ni Jumamosi, siku wachimbaji walipopewa chakula cha juma zamani. "Hapana, raia. Hii karatasi haiyafika. Utamupatia kisha ile fête ya bomba."

"Ni mama yake, tata."

"Bamama banagonjwa kila siku, banapona." Alinitazama kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionitisha. "Ile nyumba unalala, ni ya zone?"

"Ni ya zone, tata."

"Batoto ngapi?"

"Saba."

"Saba," alisema. Akaikunja karatasi mara nne na kuniwekea mwenyewe kwenye mfuko wa shati. "Uichunge muzuri."

Ndivyo alivyonifunga. Karatasi ilikuwa kwangu, kifuani kwangu, na kama jambo lingefumuka, aliyeificha ni mimi. Tangu siku hiyo Nkulu alipanda nasi garini, akakaa ubavuni mwangu, kila mahali. Nilikuwa mwoga, nasema wazi. Nilikuwa na watoto saba na nyumba ya serikali, lakini wangapi walikuwa na hayo na bado wakafungua mdomo?

Jumanne ilikuwa zamu ya soko. Komiseri alipita kwenye mihogo, kwenye samaki wakavu, akagombana na mwenye mizani ya uongo, kisha akasimama kwa Mama Tshiela, muuza vitambaa, mwanamke wa Kasai asiyemwogopa mtu. Alichagua kikwembe cha buluu chenye maua meupe.

"Ni ya madame?" aliuliza Mama Tshiela.

"Ni ya mama yangu. Kisha hii mambo ya siku ya posho, ntaenda kumuona. Mwaka muzima sijamuona."

"Basi kamata na hii, tata, ya kufunga kichwa. Ile sitaki makuta, ni zawadi. Umuambie ni mama mwenzake wa Kolwezi anamusalimia."

Komiseri akaja nacho garini kimefungwa kwa gazeti, akakiweka kati ya kiti chake na cha Mbuyi, dereva. Ile karatasi mfukoni mwangu ilinichoma. Nilikohoa. Nkulu aligeuza uso kunitazama, na kikohozi kikaisha.

"Kisha?" aliuliza komiseri.

"Saa tano, dispensaire," nilisema, yaani zahanati.

Jumatano tulikwenda kwenye matanga. Zamu hiyo ilikuwepo kila Jumatano, kwani katika mji wa mashimo hakupiti juma bila kilio. Aliyekufa alikuwa mchimbaji wa Musonoi. Wakubwa huwekewa kiti cha mikono kwenye matanga, na komiseri alikaa hapo, lakini hakutoa hotuba yake ya kawaida. Alimshika mkono kijana mkubwa wa marehemu.

"Ulikuwa pale wakati alikufa?"

"Nilikuwa, tata. Nilimushika."

"Ile ni baati," alisema komiseri. "Ile ni baati kubwa sana, mwana. Mi, baba yangu alikufa nikiwa mu réunion, mu mukutano. Niliapa kwa mama haitakuwa tena vile."

Nilitoka nje. Nilijifanya natafuta choo, nikasimama nyuma ya nyumba, huku lori za kampuni zikipita na vumbi jekundu likinishukia kichwani. Nilikuwa naona aibu. Nikasema moyoni, ukirudi ndani, sasa hivi, mbele ya watu wote, unamwambia. Nikageuka. Nkulu alikuwa amesimama mlangoni akifuta viatu vyake.

"Tumbo inaluma, raia?" aliuliza.

"Kidogo, tata."

Alhamisi saa nne katekista alirudi. Safari hii hakunipa karatasi haraka. Alivua kofia kwanza. "Kwa Omer. Mama amelala asubuhi ya leo. Joto ni kali, tunazika kesho."

Nkulu alisoma na kupumua kama mtu aliyeondolewa mzigo. "Unaona? Sasa hata akienda, ni ya bure. Tunangoya mpaka siku ya posho."

Hapo mambo yalizidi kunibana, maana sasa hata kama woga ungeniacha, desturi ilinikamata. Kwetu kifo hakisemwi na mtu yeyote, popote. Hufiwi ofisini, hufiwi njiani kwa mdomo wa karani. Watu wa nyumbani mwako wanajua kwanza, wanatandika mikeka, wanakusanyika, kisha unaletwa ukae kati yao, ndipo unaambiwa, ukiwa umeshikwa mikono. Kumwambia mtu peke yake ni kama kumsukuma shimoni. Jumatatu ningeweza kusema, kwa sababu ugonjwa unasemwa na yeyote. Siku ya kuweza niliipoteza.

Ijumaa nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Nilikaa mbele ya mashine nikachapa kama kawaida: saa mbili, shule, saa nne, kukagua bomba, saa sita, mazoezi ya nyimbo. Mahali pa saa tisa palitakiwa kuandikwa "mapumziko". Vidole vyangu vilikaa juu ya herufi muda mrefu. Halafu nikaandika: "Saa tisa. Matanga. Kwa Omer."

Jina lililokatazwa, kwenye karatasi ya serikali, nakala sita. Nilimpelekea Nkulu atie saini yake chini, kama alivyotia kila asubuhi ya juma hilo. Alikuwa anagombana kwenye simu juu ya zulia jekundu. Alitia saini bila kushusha macho, kwa kuwa karatasi yangu ilifanana na ya jana na ya juzi, na katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuisoma mpaka mwisho.

Nilizitawanya nakala. Ya mwisho niliipeleka nyumbani kwa komiseri mwenyewe, mbio, yeye akiwa ameshatoka kwenda shuleni. Mke wake, Mama Ngalula, alikuwa anapepeta mchele uani. Nilimpa programu na zile karatasi mbili za phonie, nikapiga magoti. Alizisoma zote tatu. Aliweka ungo chini.

"Saa tisa?" aliuliza.

"Saa tisa, mama."

"Siku ya kwanza, Jumatatu, ulikuwa nayo?"

"Ndiyo, mama."

Aliita jirani yake amsaidie kutoa viti nje.

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko juma zima. Shuleni watoto waliimba. Kwenye bomba Nkulu alifungua na kufunga maji mara kumi. Kila tulipopanda gari, "Kisha?", nami nilisoma, na mstari mmoja ulipungua. Saa tisa kasoro robo tuliondoka Musonoi tukipita njia ya Kingamyambo, kile kikwembe bado kwenye gazeti lake.

"Kisha?" alisema komiseri, ameegemeza kichwa. "Mapumziko, nafikiri."

"Hapana, tata. Matanga."

"Leo? Matanga ni siku ya tatu, Jumatano. Ya nani?"

Nilinyoosha mkono nikampa karatasi juu ya bega lake. Nkulu aliruka kuidaka, akachelewa. "Hii ni nini, raia? Nani aliruhusu?" Nikamwonyesha kwa kidole saini yake chini.

Komiseri alisoma tangu juu. Nilimwona kwenye kioo cha Mbuyi. Alipofika chini midomo yake ilitembea bila sauti, akilisema jina lake. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki kumwita hivyo.

"Lini?" aliuliza.

"Jana asubuhi, tata. Leo banamuzika."

"Hakukuwa habari ya mbele? Hakuniita?"

Hapo ningeweza kujiokoa. Nkulu alinibana goti, na kwa mara ya kwanza tulitaka kitu kimoja, mimi na yeye. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Alikuita, tata. Phonie ilifika siku ya kwanza. Nilikuwa nayo mu mufuko."

Hakugeuka. Mbuyi alipunguza mwendo bila kuambiwa. Komiseri alichukua kile kikwembe, akakipakata, akaanza kulinyoosha gazeti kwa viganja, upande huu, upande ule, mpaka nyumbani.

Mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake wa mtaa mzima walikuwapo, na Mama Tshiela kati yao. Walipomwona akishuka, walipaza kilio, na wanaume wawili wakamshika mikono. Mtu alikuwa ameweka kiti cha mikono, kwa mazoea. Alikipita akaenda kukaa chini, akafunika uso kwa kikwembe cha mama yake, akalia kwa sauti kama mtu yeyote.

Jumamosi alikuwa Musonoi saa tatu. Mama yake alikuwa ameshazikwa, wageni walikuwa wameshafika, na Nkulu alimweleza kwa heshima kwamba hapakuwa tena na sababu ya kusafiri. Alifungua bomba pamoja na wageni, akasema maneno aliyoandikiwa, watu wakapiga makofi. Macho yake yalikuwa yamevimba, na wageni walidhani ni vumbi.

Mimi sikufukuzwa. Nilingoja kufukuzwa juma zima, kisha mwezi mzima, na hata nilianza kutamani nifukuzwe. Nkulu asingeweza kunishtaki bila kuonyesha saini yake mwenyewe, na komiseri hakusema neno. Jumatatu, baada ya bendera, alipanda gari akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Sikuelewa anataka nini.

"Karatasi," alisema.

Nikampa. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kikishuka taratibu mpaka chini kabisa, akairudisha. Akafanya hivyo kila asubuhi kwa miaka sita iliyobaki, nami kiti cha nyuma, na sikusikia tena akiniuliza "Kisha?"