Goti Langu Lilikwenda Msaragambo

Jana usiku niliota kwamba nimeamka bila goti la kushoto.

Lakini nianze na jioni yake. Huku kwetu milimani Upare, baragumu lilikuwa limepigwa kutuita msaragambo wa asubuhi: kila nyumba itoe mtu na jembe, tukazoe tope la ndiva. Ndiva ni bwawa letu la udongo. Maji ya mlimani hulala humo usiku, mchana yakateremka mashambani kwa mifereji. Tope likijaa, maji hayana pa kulala.

Jirani yangu Mbonea aliniuliza uani, "Bibi Nambike, kesho utakwenda?"

"Goti, mwanangu. Wewe je?"

"Ng'ombe wangu anataka kuzaa."

Tukapeana pole, kila mtu akaingia kwake ameridhika.

Sasa ndoto. Natazama mguu: paja lipo, muundi upo, goti hakuna. Wala hapaumi. Nikainuka kulitafuta, natembea kwa mguu mkavu kama korongo. Nafungua mlango wa jikoni, na jikoni hakuna jiko. Kuna ndiva, pana kama ilivyo, na sufuria zangu zimetundikwa ukingoni.

Goti langu lipo katikati ya tope, linachimba. Sikuliuliza linashikaje jembe. Hata ndotoni mtu ana adabu zake.

"Shikamoo," nikaliamkia, kwa kushtuka.

"Acha hizo," likasema. "Mimi na wewe tumezaliwa siku moja."

"Unafanya nini huku?"

"Nyumba yako ilitakiwa kutoa mtu. Ukatoa goti. Basi nimekuja."

Nikaangaza macho. Kumbe nyumba zote zilikuwa zimetoa udhuru, na udhuru wote umefika kazini. Jino bovu la mwalimu linasukuma toroli. Ng'ombe wa Mbonea amebeba karai la tope katikati ya pembe.

"Hongera ya uzazi," nikamwambia.

"Uzazi gani, bibi? Fahali sijamwona tangu mwaka juzi. Habari za mimba nimezisikia jana uani, pamoja na wewe."

Kando yake, ndani ya suti nyeusi, alikuwepo mjomba wa Sifaeli kinyozi, yule anayefariki kila baragumu likipigwa. Alikuwa anapiga sepetu, pamba zimo puani.

"Pole na msiba, mjomba."

"Nimeshazoea. Ila nami nipumzike lini?"

Mtu kamili alikuwa mmoja tu, Naelijwa wa bondeni. Yeye hakuwa na udhuru, ndiyo maana alikuja mwenyewe. Maharage yake yametoa maua, na yasipopata maji wiki hii maua yatapukutika, watoto wake wale nini? Masika, goti liliponivimba, kila asubuhi nilikuta kuni mlangoni, vijiti vyembamba vimewekwa juu ili nisihangaike kuwasha. Hakuwahi kusema ni yeye. Nilimjua kwa fundo lake la kamba ya mgomba.

Namgeukia nimsalimie, na hapo namwona Maji. Ameketi kwenye kigoda changu, mama mnene mwenye shingo ndefu, anafunga vitu vyake ndani ya kanga.

"Safari ya wapi, dada?"

"Upande wa pili wa mlima. Hapa kitanda changu kimejaa tope."

"Subiri kidogo basi, si tunazoa?"

"Nawaona wanaozoa," akasema. "Goti, jino, ng'ombe na marehemu."

Akajitwika kifurushi, akaanza kutoka kupitia ufa kwenye ukuta wa ndiva, polepole, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Naelijwa akakimbia kuukanyagia udongo kwa miguu. Ng'ombe akaweka kwato, ikateleza. Jino likajitumbukiza, likapita upande wa pili na toroli lake.

"Udhuru haukai mahali," goti likaniambia. "Hapa panataka mtu."

Nikamvuta mjomba suti. "Wewe unatoka kwa wafu. Waliochimba ndiva hii unawajua?"

"Nakutana nao kila ninapokufa."

"Wananijua mimi?"

"Watakujuaje? Walikufa kabla bibi yako hajazaliwa."

"Sasa walikuwa wanamchimbia nani?"

"Hata mimi niliwauliza," akasema, akirekebisha pamba. "Wakacheka. Wakasema, mtu wa kumchimbia hakosi kuja."

Naelijwa bado anakanyaga. Tope limemfika mapajani, haiti mtu, halaumu mtu. Maua ya maharage yake nayaona kutoka jikoni kwangu, meupe, yote yameinua nyuso.

"Goti," nikasema, "rudi hapa."

"Nitauma."

"Uma."

Likaruka, likaingia mahali pake, likauma kama lilivyoahidi. Nikapiga magoti kwenye ule ufa, la kushoto likazama kabisa. Naelijwa akageuka.

"Bibi! Umekuja!" Akafurahi utadhani nimemletea zawadi.

"Nimechelewa, mwanangu. Kanyaga, mimi nimeziba."

Maji akanigusa mgongoni, akasimama. Nikasikia fundo la kanga likifunguliwa.

Nikaamka. Nje kulikuwa kumekucha na baragumu linalia. Nikavuta shuka nilipake goti mafuta yangu ya mkaratusi, na mkono ukasita. Goti la kushoto lilikuwa na tope. Tope la kijivu, bichi, la ndiva, maana la uani kwangu ni jekundu. Goti la kulia lilikuwa safi kama nilivyoliosha jioni.

Sikulifuta. Nikachukua jembe langu dogo la palizi na fimbo, nikatoka.

Mbonea alikuwa kwenye zizi lake. "Bibi! Si ulisema goti?"

"Limeshatangulia," nikamwambia. "Mimi nalifuata."

Akalitazama lile tope. Kisha akamtazama ng'ombe wake, na ng'ombe naye akamtazama, wala hakupepesa.

"Ngoja basi, bibi," Mbonea akasema. "Nichukue karai."