Mlio wa Nne

Trevor Ramsbottom alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya sebule, mguu mmoja wa suruali umekunjwa, mwingine unaburura, simu ilipolia.

"Nikupokelee?" akauliza, kisigino tayari kimeinuka.

Norma Entwistle alikuwa amepiga magoti na pini tano mdomoni, na mwanamke mwenye pini mdomoni hubishana kwa mikono. Akaushika ule mguu wa suruali akauvuta chini. Pini ya sita, iliyokuwa imeshachomekwa kwenye kitambaa, ikamsalimia Trevor kwenye kifundo cha mguu.

"Aa, unanitoboa, jirani."

Mlio wa pili. Mlio wa tatu. Kisha simu ikanyamaza, kama mtu aliyechungulia mlangoni, akaona wote wapo, akaenda zake.

Norma akatazama saa ya ukutani. Saa kumi na mbili na dakika mbili, jioni. Akatema pini kwenye kisosi, moja moja.

"Nani huyo?" Trevor akauliza.

"Wauza madirisha."

"Na jana? Nilisikia ukutani."

"Wana madirisha mengi."

Trevor aliishi nyumba ya pili, ukuta mmoja na Norma, kama watu wote wa mtaa ule wa Bacup, Uingereza, ambako ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Miaka thelathini alisoma mita za gesi za watu, na alipostaafu alibaki na ugonjwa wa kusoma karatasi za watu. Mke wake alipokufa ugonjwa ukazidi. Mtaa mzima alikuwa amewapunguzia bili, wengine bila kuombwa.

"Hiyo ziada ya chini kata tu," akasema, akiitazama suruali. "Nina miaka sabini na sita. Sitarefuka tena."

"Mimi sikati. Nakunja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu watu hubadilika, Trevor. Wakinenepa tumboni, suruali hupanda juu. Siku hiyo utakuja na uso mrefu unataka inchi mbili, na mimi nitakuwa ninazo, humo humo ndani ya pindo."

Hivyo ndivyo alivyoshona tangu kiwanda cha viatu vya kitambaa kilipofungwa na yeye akaleta cherehani nyumbani. Watu walisema ukiifungua nguo iliyopita kwa Norma, unakuta nguo nyingine ndani.

Trevor alishuka, na jicho lake likaangukia bahasha iliyokuwa chini ya simu.

"Barua hii umeisoma?"

"Nimesoma mpaka 'Mteja wetu mpendwa'. Hapo nikajua wanataka kitu."

Trevor akavaa miwani kwa furaha ambayo hakuificha vizuri. Kampuni ya simu ilikuwa inasema waya wa zamani wa shaba unastaafishwa. Simu zote za mezani zitakuwa za dijitali, zitapitia kwenye kisanduku cha intaneti. Asiye na intaneti atapewa utaratibu wake.

"Lete bili," akasema.

Norma akaileta. Trevor akaipindua, akaisoma mbele na nyuma, akaomba ya mwezi uliopita, na ya kabla yake.

"Simu ulizopiga: hakuna. Hakuna. Hakuna. Norma, hujampigia mtu mwaka mzima?"

Norma alikuwa anapuliza chaki kwenye tepu.

"Maana yake unalipia waya kila mwezi ili wauza madirisha wapate pa kukusumbua. Mimi nakupatia simu ndogo ya mkononi, robo ya bei hii, na hakuna kisanduku. Tunaikata hii."

Bili ilisema kweli, lakini kweli ya bili ni ile iliyolipiwa. Milio mitatu isiyopokelewa haiandikwi popote.

Ilikuwa sheria ya mama yao. Mwaka ule walipowekewa simu nyumbani, Norma akiwa msichana, mama aliwaambia yeye na dada yake Muriel: anayesafiri akifika, apige, aiache ilie mara tatu, akate. Kwenye kibanda cha simu sarafu inarudi, na mimi huku nimejua mko hai. Watu wa siku hizi wanaita kubipu na wanadhani wamebuni wao.

Kisha mama akafa. Norma ndiye aliyemuuguza, akamwosha, akamlisha kwa kijiko. Siku ya mazishi, wakati Norma yuko jikoni anasuuza vikombe vya wageni, Muriel aliifunga kwa taulo saa ya mama iliyokaa juu ya meko, akaitia kwenye mfuko wa manunuzi. Saa ile ilikuwa nyuma dakika mbili tangu wao wadogo. Mama alikataa isirekebishwe, akisema hizo dakika mbili ni za kuvaa koti.

"Ni mimi mkubwa," Muriel alisema mlangoni.

"Basi kaa na ukubwa wako," Norma akasema. "Hapa usikanyage tena."

Muriel akapanda basi akarudi kwake Morecambe. Jioni ile simu ililia mara tatu, ikakatika. Hasira ilikuwa kali, lakini sheria ya mama ilikuwa kali zaidi. Norma akasimama mbele ya simu mikono imelowa, halafu, ili kule wajue imesikika, akapiga mitatu yake. Kesho yake ikalia tena. Miaka kumi na mmoja haikukosa hata jioni moja, na kila mara kwenye dakika ya pili baada ya kumi na mbili, kwa hiyo Norma alijua saa bado inatembea, na bado iko nyuma. Muriel alianza, Norma alijibu. Neno halikupita.

"Kitu kimoja," Trevor akasema, tayari ameshapiga simu kampuni na amewekewa muziki sikioni. "Hii namba wanaweza kuihamisha, lakini inaombwa kabla ya kukata. Ukishakata imekwenda. Kuna mtu anakupigia humu?"

Norma alikuwa na neno kwenye ulimi. Lakini ukimwambia Trevor neno, atataka na bahasha yake. Angelazimika kusema dada, na saa, na taulo, na kwa nini mwanamke wa miaka sabini na tisa hazungumzi na mtu anayempigia kila siku. Na kuna kitu kingine, kidogo, chenye ncha, kilichomchoma kwa utamu: mwache Muriel apige akute ukuta. Mara moja na yeye aone.

"Hakuna," akasema.

"Kata basi," Trevor akaiambia simu.

*

Jioni ya kwanza bila waya, Norma alikaa na chai yake akasikiliza habari za saa kumi na mbili kwenye redio. Ilipofika dakika ya pili, akatabasamu. Sasa hivi ameinua. Sasa hivi ameambiwa. Sasa hivi ameishusha. Akala mkate na jibini, akalala vizuri.

Jioni ya pili alitabasamu tena, ila jibini haikuwa na chumvi.

Jioni ya nne alimshonea mke wa mchinjaji mkono wa blauzi ndani nje. Ya sita aliziba mfuko wa koti la mtu, mfuko uliokuwa na ufunguo wake ndani. Simu ya mkononi ilikaa kwenye kisosi kando ya pini, nyeusi, bapa, kimya. Namba ya Muriel aliijua kichwani. Lakini yeye hakuwahi kuanza. Kuanza ni kuomba radhi, na radhi iliibwa pamoja na saa, ndani ya taulo.

Jioni ya tisa mvua ilikuwa inapiga kioo, na dakika ya pili ilipopita kitu kikamjia ambacho hakikuwa kimemjia kabla. Kwamba yeye naye hajui. Siku tisa sasa hajui kama kule kuna mtu.

Akavaa koti juu ya aproni akagonga kwa Trevor.

"Ile namba. Irudishe."

Trevor alikuwa anakula. Akautazama uso wa Norma, akaweka uma chini, akapiga simu kampuni bila kuuliza. Muziki ukalia muda mrefu. Kisha akasikiliza, akasema, "Ndiyo, naelewa," mara tatu, kila moja kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia.

"Wanasema ingehamishwa kama tungeomba kabla. Sasa imerudi kwao. Hawawezi." Akavua miwani. "Nani alikuwa anapiga, Norma?"

Akamwambia. Akamwambia yote, amesimama mlangoni, maji yanatiririka kwenye zulia la mtu.

"Ungeniambia," Trevor akasema.

"Ungeuliza vizuri."

"Niliuliza."

"Najua uliuliza." Akaitoa simu mfukoni mwa aproni. "Najua."

Akabonyeza namba mwenyewe. Ikalia mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu, na kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe chekundu, kwa mazoea. Trevor akamshika kifundo cha mkono.

"Acha ilie."

Ikalia mara ya nne. Ya tano. Ya saba. Kitu kikagonga kitu kule upande wa pili.

"Madirisha ninayo," sauti ikasema. "Sitaki mengine."

"Ni mimi."

Trevor akachukua sahani yake, akaenda kumalizia chakula jikoni.

"Wewe umekufa," Muriel akasema.

"Bado."

"Namba yako haipo. Mwanamke wa kwenye mashine kaniambia haipo. Nikapiga tena, akaniambia tena, kwa adabu kabisa. Nimenunua kadi ya rambirambi, Norma. Iko mezani hapa. Sijui niandike jina la nani, kwa sababu ndugu wa marehemu ni mimi."

"Ungekuja kunizika, basi."

"Kwa nyonga gani? Wameniwekea ya chuma mwaka juzi, na hiyo ya chuma nayo ina maneno."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia kwa njia gani? Kwa milio mitatu?"

Norma akakaa kwenye ngazi za Trevor. "Mumeo Ken angekuleta kwa gari."

"Ken yuko makaburini mwaka wa nne huu."

Mvua ilisikika pande zote mbili za simu, au ilikuwa moja tu.

"Siku tuliyomzika," Muriel akasema, "watu waliondoka mapema, kulikuwa na barafu barabarani. Nikavua kofia. Nikakupigia, na wewe ukajibu mitatu yako, nikaenda kumenya viazi." Akakohoa. "Ulinifaa sana siku ile. Hukujua, lakini ulinifaa."

Norma alijaribu kuikumbuka jioni hiyo. Barafu, kofia, mwaka wa nne. Alikuwa anashona nini? Sketi ya nani? Alipiga mitatu yake akiwa amesimama au amekaa, akifikiria nini, pengine akifikiria saa? Haikuja. Ilikuwa jioni kama jioni zote.

Alijikuta ameikandamiza simu sikioni, anatafuta kitu nyuma ya sauti ya dada yake.

"Siisikii," akasema.

"Nini?"

"Saa ya mama."

"Nimeitoa Jumatatu. Kwenye duka la mitumba, lile la kusaidia wagonjwa. Ilinunuliwa hata sijamaliza kufunga zipu ya koti."

"Miaka kumi na mmoja umeing'ang'ania."

"Nilikuwa naitunza uje kuidai. Kila mwaka nasema mwaka huu atakuja kunigombeza, na nilikuwa na keki tayari, usicheke. Sasa umekufa. Nani angeidai?"

Norma hakucheka. Alikuwa anafuata kwa kidole mshono wa aproni yake, mbele na nyuma, mahali palepale.

"Ilikuwa nyuma dakika mbili," akasema mwishoni.

"Bado iko nyuma. Sasa ni shida ya mwingine." Kisha, kwa sauti ya ukubwa wake wa zamani: "Nisomee hiyo namba mpya. Polepole. Sina miwani, naandika kwa penseli nyuma ya kadi yako ya msiba."

Norma akaisoma, namba moja moja, akamwita Trevor kutoka jikoni amsaidie mbili za mwisho.

*

Kesho yake alifungua pindo la koti la mteja aliyekuwa ameongezeka unene. Inchi mbili zilikuwamo ndani, rangi yake mbichi kabisa, kama ya siku ya kwanza, haijaona jua. Akazipiga pasi, akaanza kuzichoma pini upya juu ya meza, na redio ikatoa mlio wa kutangaza saa.

Simu ndogo ikatetemeka kwenye kisosi, ikazigongesha pini zilizokuwamo. Norma akaitazama saa ya ukutani. Kumi na mbili kamili, dakika haijaingia hata moja.

Mlio wa kwanza. Akasimama. Mlio wa pili. Mlio wa tatu, naye akasubiri ukatike, mkono juu ya koti, shingo imenyooka.

Ukaja wa nne.

Norma alikuwa na pini tano mdomoni. Akatoa ya kwanza, akaiweka kwenye kisosi. Akatoa ya pili. Simu ilikuwa inaendelea kulia.